Namna ya kupekua karatasi za msomi wa enzi za ukoloni: mfano wa W. E. Taylor wa Mombasa

Mtu akikuambia "karatasi za fulani ziko London", amekupa robo tu ya habari. Mzungu wa karne ya 19 aliyependa lugha na mimea hakuacha sanduku moja lenye kila kitu chake. Mashairi aliyonukuu yamelala kwenye maktaba hii, barua alizomwandikia mwajiri wake ziko mji mwingine, majani aliyokausha yamegandishwa kwenye karatasi ngumu jumba la tatu, na nusu ya maelezo yake alikopeshwa mtu mwingine aliyeyachapisha baada ya yeye kufa. Ukienda kichwakichwa utarudi na picha mia tatu usizojua zimetoka boksi gani. Mimi yalinikuta, na nitayasimulia mbele.

Mfano wetu ni William Ernest Taylor, aliyezaliwa 1856 na kufariki 1927. Alikuja pwani yetu mwaka 1880 akiwa mmishenari wa CMS (Church Missionary Society, chama cha wamishenari wa Kianglikana), akakaa Mombasa, Kisauni, Rabai na kwa Wagiriama. Wengi wanamjua kwa sababu moja: mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, yametufikia kwa wingi kupitia kazi aliyoifanya Taylor pamoja na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Wachache wanajua kwamba Taylor huyohuyo alikuwa akipanda vilima vya Rabai kukusanya mimea, na kwamba lebo zenye jina lake bado zinatajwa na wataalamu wa mimea ya Afrika Mashariki. Ni mfano mzuri kwa sababu una pande zote mbili, na kwa sababu upande mmoja uko kwa Kiswahili. Hapo wewe msomaji wa huku una turufu ambayo watafiti wengi waliokutangulia hawakuwa nayo.

Kwanza: chora maisha yake kabla hujagusa karatasi yake

Chukua karatasi moja, piga mistari mitatu. Safu ya kwanza mwaka, ya pili mahali, ya tatu nani alikuwa akimlipa. Safu hii ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote, maana karatasi humfuata mwajiri. Taylor alilipwa na CMS, kwa hiyo barua zake za kazi ziko katika hifadhi ya CMS iliyoko Cadbury Research Library, Chuo Kikuu cha Birmingham. Kazi zake za Kiswahili ziko SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, London. Mimea ilikwenda kwenye makumbusho ya sayansi.

Mchukue John Kirk umlinganishe naye. Alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, akasafiri na Livingstone Zambezi kuanzia 1858 hadi 1863, kisha akaingia ubalozi wa Uingereza Unguja mwaka 1866 akakaa hadi miaka ya 1880. Yeye alilipwa na serikali. Ndiyo maana ukitaka barua zake za kazi huna haja ya kupanda ndege: Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zina majalada ya ubalozi huo. Karatasi zake binafsi na za familia ndizo zilizoko Edinburgh, Maktaba ya Taifa ya Scotland. Mwajiri tofauti na wa Taylor, njia tofauti kabisa za kumtafuta.

Kwenye mchoro wako ongeza tarehe za watu waliomzunguka. Mwalimu Sikujua alifariki 1890, na Taylor alifika 1880. Tayari umejua kwamba kazi yao ya pamoja imebanwa ndani ya miaka kumi, na mwandiko wa Sikujua kwenye karatasi yoyote hauwezi kuwa wa baada ya hapo, hata kama Taylor aliongeza yake baadaye. Umeipata hiyo bila kufungua boksi hata moja.

Pili: tafuta majina yote, hasa yasiyo yake

Andika orodha ya namna zote ambazo jina lake na majina ya mahali pake yangeweza kuandikwa. Giriama utaikuta Giryama. Taita utaikuta Teita. Kisauni mara nyingi imeandikwa Frere Town au Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa 1875. Muyaka, Muyyaka, Mwyaka. Usipofanya hivi, mashine ya kutafutia itakujibu "hakuna" na wewe utaamini.

Halafu tafuta waliokopa. Hili watu hulisahau mno. Taylor alichapisha methali za Kiswahili na msamiati wa Kigiriama mwaka 1891, lakini kazi yake juu ya utenzi wa Inkishafi ilitoka 1915 ndani ya kitabu cha sarufi cha mtu mwingine, Stigand. Mashairi ya Muyaka yalitolewa kama diwani mwaka 1940 na William Hichens, akitumia karatasi za Taylor, miaka kumi na mitatu baada ya mwenyewe kuzikwa. Maana yake ni nini kwako? Kwamba ukiwa SOAS usiishie kwenye jina la Taylor. Fungua na mkusanyo wa Hichens. Karatasi ikishaazimwa, hurudi kwa jina la aliyeazima, kama sufuria ya harusi.

Tatu: anza na vilivyo bure mtandaoni

Kabla ya kufikiria nauli, kaa wiki mbili na simu au kompyuta. Sehemu ya miswada ya Kiswahili ya SOAS imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na waliofanya kazi ya kuiorodhesha walisaidiwa na msomi wa Mombasa mwenyewe, marehemu Sheikh Yahya Ali Omar. Soma maelezo ya kila mswada, si kichwa chake tu. Kichwa kinaweza kusema "mashairi mbalimbali", kumbe ndani yake mna barua, dawa za miti na hesabu za duka.

Kwa upande wa mimea na wanyama tumia GBIF, hifadhi ya bure ya kumbukumbu za sampuli duniani. Usitafute kwa jina la mmea. Tafuta kwa jina la mkusanyaji, weka nchi Kenya, bana miaka kati ya 1880 na 1900. Taylor ni jina la kawaida, utapata na Taylor wengine, hivyo tumia ule mchoro wako: sampuli ya Rabai ya 1886 inaelekea kuwa yake, ya Ziwa Turkana, achana nayo. Maelezo ya wakati ule ya spishi mpya utayapata kwenye Biodiversity Heritage Library, nayo ni bure, majarida mazima ya karne ya 19 yaliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa.

Tahadhari moja hapa. Majina ya kisayansi hubadilika. Sandarusi iliyokuwa ikichimbwa ardhini mrima na kusafirishwa kupitia Unguja ilimshughulisha sana Kirk mwishoni mwa miaka ya 1860. Alionyesha kwamba ile ya kuchimbwa na ile inayotoka kwenye mti ulio hai zinatokana na msandarusi uleule. Lakini ukisoma maandishi yake utaukuta mti huo ukiitwa Trachylobium, na leo unaitwa Hymenaea verrucosa. Tafuta kwa majina yote mawili, na tafuta kwa msandarusi na mtandarusi pia. Jina la Kiswahili limedumu kuliko la Kilatini.

Mfano unaonifurahisha zaidi ni wa ua la Saintpaulia, lile dogo la zambarau linalouzwa vyunguni Ulaya nzima. Limepewa jina la afisa wa Kijerumani aliyelipata Usambara mwaka 1892, na mtaalamu Wendland akalitangaza Hannover mwaka uliofuata. Ila Kirk alikwishalichukua 1884, na Taylor wetu akalichukua 1887. Sampuli zao zilikaa tu bila jina, Mjerumani akapata sifa. Tena mwaka 2015 wataalamu wamelihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo anayelitafuta kwa jina moja atakosa nusu ya kumbukumbu. Ukiona sampuli ya zamani ambayo haina spishi kwenye lebo, usiipite. Huenda ndiyo yenye hadithi.

Nne: waandikie hifadhi, kwa ufupi

Barua pepe kwa hifadhi ya nyaraka isizidi aya tatu. Ya kwanza: wewe ni nani na unatafuta nini, kwa sentensi mbili. Ya pili: namba za katalogi unazozihitaji, zimeandikwa kama zilivyo, nukta kwa nukta. Ya tatu: tarehe unazotaka kuja, au, kama huwezi kuja, ombi la gharama ya kupigiwa picha. Usisimulie maisha yako. Mkutubi akiona namba za katalogi anajua umefanya kazi ya nyumbani, naye atakujibu haraka.

Kama huwezi kusafiri, na wengi wetu hatuwezi, omba kwanza kurasa mbili tatu za kila daftari badala ya daftari zima. Kwa kurasa hizo utajua mwandiko ni wa nani, lugha gani, na kama fedha zako ziende huko. Pia wapo wanafunzi London na Birmingham ambao kwa malipo ya nusu siku watakukagulia boksi. Mwandikie maelekezo yake kama unayemtuma mtoto dukani: namba ya boksi, daftari, ukurasa, upande.

Kwa nyaraka za CMS kuna jambo litakalokuokolea siku. Hadi 1880 barua zilipangwa kwa jina la mwandishi. Kuanzia mwaka huo zikapangwa kwa kila misheni, kwa mfuatano wa kupokelewa. Taylor alifika mwaka huohuo wa mabadiliko, kwa hiyo usitarajie jalada lenye jina lake. Utaomba mfululizo wa misheni ya Afrika Mashariki, ambao alama yake ni G3 A5, na kuna madaftari ya muhtasari ambamo kila barua iliyopokelewa imefupishwa kwa mistari michache na kupewa namba. Anza na muhtasari, weka alama kila unapoona Taylor, ndipo uombe barua zenyewe. Usisahau barua za mwaka. Kila mmishenari alitakiwa kuandika taarifa ya mwaka mzima, na humo ndimo walimokuwa wakisema mambo ambayo hayakuingia kwenye barua za pesa na vifaa.

Tano: ndani ya chumba cha kusomea

Kitambulisho, kalamu ya risasi, kompyuta au simu, basi. Kalamu ya wino, maji, begi na koti hubaki nje. Utapewa mto wa sponji wa kulazia daftari na kamba nzito zilizoshonwa kwa kitambaa za kushikilia ukurasa. Tumia hivyo, usikandamize mgongo wa daftari ili ukurasa utulie.

Sasa ule mkasa wangu. Siku ya kwanza katika hifadhi moja nilishikwa na pupa. Mswada ulikuwa mzuri, mwandiko wa Kiarabu umenyooka, nikapiga picha kama wa harusini. Nyumbani nikakuta picha zimepangwa, lakini sijui boksi gani limeishia wapi, na madaftari mawili yalikuwa na karatasi za rangi moja. Ilinibidi nirudi. Tangu hapo nafanya hivi: kila nikipokea kitu, picha ya kwanza ni ya kikaratasi cha ombi chenye namba ya katalogi. Ya pili ni jalada. Ndipo kurasa. Nikimaliza, picha ya kikaratasi tena. Jioni, kabla sijala, nabadilisha majina ya faili yasomeke hivi: SOAS-Taylor-daftari3-uk014-mbele. Siku ikipita bila kufanya hivyo, haifanyiki tena.

Saa ya kwanza usisome. Pekua. Hesabu mikono: mwandiko wa Kiarabu wa nani, herufi za Kirumi za nani, alama za kalamu ya risasi za nani. Katika kazi kama ya Taylor utategemea angalau tabaka tatu: mwandiko wa Kiarabu wa mwenyeji aliyenakili, herufi za Kirumi za mzungu aliyesoma, na masahihisho ya baadaye ya mhariri. Zipe rangi kwenye daftari lako. Neno likiwa limefutwa na kuandikwa jingine juu yake, usiandike la juu peke yake. Andika yote mawili na rangi ya aliyefuta. Mara nyingi wa kwanza, mwenyeji, ndiye aliyekuwa sahihi, na mhariri ndiye aliyeshangaa.

Sita: kusoma Kiswahili kwa hati ya Kiarabu

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hukata tamaa.

Hati ya zamani haikuwa na herufi zote tunazohitaji. Herufi ba inaweza kuwa b, p au mb. Ghaini inaweza kuwa g, ng au ng'. Fa ni f au v. Sauti ya m au n kabla ya konsonanti mara nyingi haiandikwi kabisa. Na irabu ni tatu tu: kasra inasimamia i na e, dhama inasimamia u na o. Hesabu mwenyewe ni maneno mangapi yanaweza kutoka kwenye alama nne.

Chukua neno hili: بُبُ. Ni ba yenye dhama, ikifuatiwa na ba yenye dhama. Ni bubu? Ni popo? Kama ni orodha ya wanyama ya msomi anayekusanya viumbe, utaruka kusema popo. Kama ni shairi la mapenzi, mpenzi aliyenyamaza ni bubu. Na ukikosea, umemgeuza mtu kuwa mnyama wa usiku.

Dawa yake iko kwenye vina. Shairi la Kiswahili halina huruma na kina: mistari ya ubeti, isipokuwa pengine wa mwisho, huishia kwa silabi moja. Tafuta katika ubeti huo neno moja la mwisho wa mstari ambalo haliwezi kusomwa vingine. Ukikuta اُبِبُ, jaribu: ubibu, ubebu, upipo, hakuna. Upepo ndilo neno. Kwa hiyo kina ni po, na بُبُ yako ni popo. Lakini ukikuta تَبُ ambayo kwa maana ya mstari ni tabu, kina ni bu na mtu wako ni bubu. Kina kimoja cha uhakika hufungua vingine vyote. Baada ya vina hesabu mizani. Katika shairi la kawaida kila kipande kina mizani minane, na ukipata saba ujue kuna herufi umeimeza, pengine ile m au n isiyoandikwa.

Jambo la pili ni lahaja. Haya ni maandishi ya Kimvita. Ukitafuta "macho" hutaona, maana yameandikwa mato. Njia ni ndia, njaa ni ndaa, kucheka ni kuteka. Taylor alikuwa na sikio kali. Alitenganisha t ya meno na t ya ufizi kwa alama zake, jambo ambalo vitabu vingi vya baadaye vililifuta kwa kuona ni usumbufu wa mpiga chapa. Usizifute nawe. Kwa Mmvita, alama hiyo ndiyo inayotofautisha neno na neno.

Nilipokwama kabisa na ubeti mmoja nilimpelekea mzee mmoja wa Mji wa Kale. Nilimwamkia, nikakaa barazani, nikampa karatasi na miwani yake. Hakuisoma. Aliiweka mapajani, akaanza kuguna tuni, akaenda na mistari mitatu kwa sauti ya chini, ya nne akaisimamisha, akacheka. "Hii yaimbwa, mwanangu, haisomwi kwa mato." Neno nililolihangaikia siku nne alilitamka katikati ya wimbo bila kulitazama. Kwa hiyo weka kwenye ratiba yako siku za barazani kama unavyoweka siku za maktaba. Nenda na nakala zilizokuzwa herufi, na omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti.

Programu za kusoma mwandiko, kama Transkribus, zitakusaidia kwa barua za Kiingereza. Kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu bado mimi namwamini mzee wa barazani.

Saba: tarehe na saa

Maandishi ya wenyeji yatakuwa na tarehe za Hijria. Mwaka wa mwandamo ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo usiongeze 622 ukadhani umemaliza. Kwa mfano 1 Muharram 1300 iliangukia tarehe 12 Novemba 1882. Tumia jedwali la kubadilishia na uandike tarehe zote mbili. Kumbuka pia siku yetu huanza jua likizama: "usiku wa Ijumaa" wa Mswahili ni Alhamisi usiku kwa mzungu. Na saa tatu ya asubuhi ikitafsiriwa na mgeni asiyejua inakuwa usiku wa manane. Kwa lebo za mimea tazama majira: mtu akiandika masika, vuli, kaskazi au kusi, amekupa msimu hata kama hakuandika tarehe.

Nane: watafute wasiotajwa

Fungua jedwali jipya. Kila unapokuta mtu asiye mzungu, andika: ametajwa kwa jina au kwa cheo, amefanya nini, ukurasa gani. Baada ya daftari mbili utaona picha. Kwenye karatasi za lugha kuna majina, maana mwalimu huwa na jina. Mwalimu Sikujua ametajwa, na bila yeye Taylor asingekuwa na Muyaka wa kumpeleka Ulaya. Kwenye karatasi za mimea na wanyama majina yanapotea. Aliyepanda mti, aliyebeba kapu, aliyesema mmea huu unaitwa hivi na unatibu tumbo, anakuwa "mwenyeji" tu, au haandikwi kabisa. Ndiyo maana kima punju wa Unguja anaitwa kirkii tangu 1868, na digidigi naye akapewa jina hilohilo mwaka 1880, ilhali mtu aliyewaonyesha wageni wapi kima hulala hana hata herufi.

Njia ya kuwapata ni kupitia hesabu. Tazama orodha za malipo, vibarua na posho. Pia sikiliza majina ya mimea yaliyoandikwa pembeni ya lebo. Jina likiwa la Kigiriama na si la Kimvita, mtoa habari alikuwa wa huko vilimani, hata kama msomi aliyaandika akiwa Kisauni. Hapa tena Kiswahili chako na Kigiriama cha jirani yako vinakuonyesha alichokiandika mtu bila kujua amekiandika.

Tisa: haki ya kuchapisha

Wengi hudhani mtu akishakufa miaka sabini iliyopita basi kila kitu chake ni huru. Kwa vitabu alivyochapisha, ndiyo. Kwa karatasi ambazo hazijawahi kuchapishwa, sheria ya Uingereza ina kona: maandishi ya aliyefariki kabla ya 1969, kama yalikuwa bado hayajachapishwa Agosti 1989, yanaweza kuwa chini ya ulinzi hadi mwisho wa mwaka 2039. Kwa hiyo barua ya Taylor ambayo haijatoka popote unaweza kuisoma, kuinakili kwa ajili yako na kuinukuu kidogo, lakini kuichapisha nzima uombe ruhusa.  Omba kwa maandishi, utunze jibu.

Kumi: rudisha nakala nyumbani

Ukishakamilisha, peleka nakala ya kazi yako mahali ambapo mtoto wa Kibokoni au wa Rabai anaweza kuifikia bila visa. Kwa Mombasa kuna Fort Jesus na taasisi ya utafiti wa Kiswahili chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili. Usipeleke picha tupu. Peleka pamoja na jedwali la majina, jedwali la mikono na maelezo ya namna ulivyosoma maneno magumu, pamoja na yale uliyoyaacha na alama ya kuuliza.

Na kabla hujafunga, uliza nyumbani kwenu. Barua huwa na pande mbili: alizoandika mzungu ziko Birmingham, lakini alizopokea mwalimu, karani au mtunga mashairi wa pwani zilibaki masandukuni huku, chini ya kanzu za marehemu. Ukizipata, usizitie gundi ya plastiki wala kuzilamineti. Ondoa pini zenye kutu taratibu kwa kijiti cha mbao, weka kila karatasi ndani ya bahasha safi isiyo ya nailoni, epuka darini kwenye joto na ukutani kwenye unyevu. Andika juu ya bahasha, kwa kalamu ya risasi, ilikotoka na nani aliyekupa. Na uandike kabla ya kuitia karatasi ndani, usije ukaichora.